Kumpatia Mwanafunzi wa Udaktari Mlezi wa Utafiti: Mwongozo kwa Waratibu na Wanafunzi wa Kakamega

Mlezi wa utafiti ni mhadhiri au mtafiti mzoefu anayekubali kumshika mkono mwanafunzi tangu swali lake likiwa changa hadi matokeo yanapoandikwa na kusomwa na wengine, na kazi yake haifanani na ile ya msimamizi, ambaye wajibu wake wa kikanuni ni kuhakikisha kwamba andiko la mwanafunzi linatimiza masharti ya mtihani. Msimamizi hupangwa na idara. Mlezi na mwanafunzi hukubaliana. Mtu mmoja anaweza kuzibeba kofia zote mbili, lakini mratibu asiyezitenganisha hujikuta na orodha ndefu ya majina ukutani na wanafunzi wanaozungukia ofisi zilizofungwa. Mwongozo huu umekusudiwa kwanza kwa mratibu huyo, yaani mhadhiri aliyekabidhiwa na shule ya udaktari jukumu la kuwaoanisha wanafunzi na walezi, na pili kwa mwanafunzi anayetaka kujua aende na nini mlangoni pa mlezi.

Afya ya kimataifa, kwa maana inayotumika hapa, ni uwanja unaochunguza matatizo ya kiafya ambayo chanzo chake au tiba yake inavuka mipaka ya nchi, na ambao aghalabu hukutanisha taasisi za nchi mbili au zaidi zenye fedha, vifaa na sauti zisizolingana. Mwanafunzi wa Kakamega hana haja ya kusafiri ili aufikie uwanja huo. Kaunti hii imo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria haina likizo, na ni mojawapo ya kaunti nane za magharibi zilizohusishwa katika majaribio ya utoaji wa chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza nchini Kenya Septemba 2019. Huko Iguhu watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi mbu wa nyanda za juu na jinsi mazalia yao yanavyotegemea matumizi ya ardhi bondeni. Katika migodi midogo ya dhahabu ya Ikolomani, zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ni sumu ileile iliyosababisha Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Soko la Lubao, ambako mbwa huuzwa na kununuliwa kama ng'ombe, linaweza kumpa mtafiti wa kichaa cha mbwa maswali ya muhula mzima kwa asubuhi moja tu.

Ipo pia mifano ya utafiti mkubwa uliokwisha kufanyika hapa. Mradi wa WASH Benefits uliwaandikisha wajawazito 8,246 katika vijiji vya Kakamega, Bungoma na Vihiga kati ya mwaka 2012 na 2014, ukitumia jaribio la nasibu la makundi, yaani jaribio ambalo kura hupigwa kuamua kundi zima la kaya jirani lipewe huduma gani, badala ya kumpigia kura kila mtu peke yake. Ilitarajiwa kwamba kutibu maji, kuboresha vyoo na kuhimiza unawaji wa mikono kungepunguza kuhara kwa watoto; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health yalionyesha kwamba kuhara hakukupungua, na kwamba watoto waliongezeka urefu kidogo tu pale ambapo lishe ya ziada ilitolewa. Kwa mwanafunzi, matokeo ya namna hii yana faida zaidi kuliko ushindi, kwa kuwa yanaacha swali la "kwa nini" likiwa wazi, na swali hilo linaweza kujibiwa kwa sehemu na mtu mwenye daftari, kibali na mlezi anayejua kinachotafutwa.

Basi maswali yapo, wagonjwa wapo, na hata takwimu zipo. Kinachoadimika ni saa za walezi. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, chuo kilichoanza mwaka 2002 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, huwategemea madaktari bingwa ambao wengi wao wana wodi za kuzungukia, mihadhara ya kutoa na mitihani ya kusahihisha. Kuoanisha, kwa hiyo, ni kazi ya kugawa saa chache kwa haki, na mratibu atakayeifanya kama kazi ya kugawa majina ataharibikiwa mapema.

Kukusanya habari kabla ya kuoanisha

Kila mlezi anayetarajiwa aombwe kujaza ukurasa mmoja, si zaidi, kwa sababu fomu ya kurasa sita hujazwa na karani. Ukurasa huo uulize ni saa ngapi kwa mwezi anazoweza kutoa bila kujidanganya, ni miezi gani hatakuwepo, ni wanafunzi wangapi bado wanamdai ushauri kutoka miaka iliyopita, ni data au daftari gani tayari ana kibali cha kuzitumia, na ni kazi gani hafanyi kabisa, kama vile uchambuzi wa takwimu au mahojiano ya kina. Jibu la swali la miezi asiyokuwepo ndilo lenye uzito kuliko yote. Profesa maarufu ambaye yuko Nairobi wiki mbili kati ya nne ni hazina kwa mwanafunzi aliyekwisha kukusanya data na anayehitaji tu kusomewa andiko lake, lakini ni balaa kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye hajui tofauti kati ya kiwango cha maambukizi mapya na kiwango cha wote wanaougua kwa wakati mmoja.

Orodha ya walezi isiishie katika idara za tiba. Mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanzishwa na serikali ya kaunti mwaka 2013 kwa ushirikiano na UNICEF, ulikuwa ukimpa mama asiye na uwezo shilingi 12,000 kwa awamu sita kadiri alivyohudhuria kliniki, kujifungulia katika kituo cha afya na kukamilisha chanjo za mtoto. Mwanafunzi anayetaka kuchunguza mpango wa aina hiyo atalelewa vizuri zaidi na mwanauchumi au mwanasosholojia, huku daktari wa uzazi akimsaidia kwa mambo ya kitabibu. Vivyo hivyo, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi au afisa wa kumbukumbu za afya wa hospitali anaweza asiwe na shahada ya uzamivu, lakini anajua ni mwezi gani daftari lilibadilishwa na kwa nini takwimu za mwezi huo haziaminiki.

Mwanafunzi naye aandike swali lake kwa sentensi mbili, ataje mwaka wake wa masomo na wodi atakazopitia katika miezi kumi na miwili ijayo, lugha anazozungumza, ujuzi wake wa takwimu, na kama ana kompyuta yake mwenyewe. Suala la lugha lisichukuliwe kuwa la mapambo. Fomu ya ridhaa, yaani karatasi inayomweleza mshiriki haki zake kabla hajakubali kuhojiwa, huandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini bibi wa Shinyalu atauliza maswali yake kwa Kiisukha, wa Mumias kwa Kiwanga na wa Malava kwa Kikabras, na mwanafunzi aliyezaliwa Kitui au Garissa atahitaji mlezi anayeweza kumtafutia mkalimani anayeaminika.

Kuoanisha kwenyewe

Baadhi ya waratibu hushawishika kutumia programu ya kompyuta. Historia yake ni ya heshima: nchini Marekani, madaktari wanaohitimu wamekuwa wakigawiwa hospitali kwa mpangilio wa pamoja tangu mwaka 1952, na mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walithibitisha kihisabati kwamba makundi mawili yenye orodha za mapendeleo yanaweza kuoanishwa bila kubaki wawili ambao wote wangependelea kuachana na waliopewa ili washikane wao kwa wao; Shapley na Alvin Roth walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 kwa kazi iliyojengwa juu ya wazo hilo. Hata hivyo, mfumo huo hudai kwamba kila mtu anajua anachokitaka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiulizwa apange walezi watano kwa upendeleo, atawapanga kwa umaarufu au kwa ukarimu wao wa kutoa alama, na hesabu safi itamletea jibu baya kwa usahihi mkubwa. Katika shule ndogo, mratibu mwenye karatasi za pande zote mbili mezani na alasiri nzima bila simu atafanya kazi nzuri zaidi.

Vigezo vyake vifuatane. Cha kwanza ni mbinu, kwani mwanafunzi anayetaka kuhoji akina mama kuhusu woga wao wa kujifungulia hospitalini hawezi kulelewa na mtu ambaye maisha yake yote amehesabu vimelea chini ya hadubini, hata kama wote wawili wanasema wanashughulikia afya ya wajawazito. Cha pili ni muda. Mada inakuja ya tatu, na jina la mlezi halina nafasi katika mpangilio huu.

Pale inapowezekana, kila mwanafunzi awe na watu wawili nyuma yake: mhadhiri wa chuo, atakayebeba dhamana ya kitaaluma, na mtu wa kituo, yaani daktari, muuguzi au afisa wa kumbukumbu wa mahali ambapo data itapatikana. Mlezi wa tatu, anayeishi ng'ambo au katika taasisi kubwa ya utafiti, aongezwe baada ya hao wawili kupatikana, kamwe si kabla yao. Mfano mzuri uko Eldoret, ambako ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulioanza mwaka 1989 na kuzaa mpango wa AMPATH, huviweka vikundi vyake vya utafiti chini ya viongozi wawili wawili, mmoja wa Kenya na mwingine wa Amerika Kaskazini. Wanafunzi wa Moi pia wamekuwa wakienda Marekani kwa mafunzo kama wale wa huko wanavyokuja Eldoret, jambo ambalo vyuo vingi vya nje hulisahau wakati wa kutia saini. Mratibu wa Kakamega hana fedha za AMPATH, lakini utaratibu wa viongozi wawili haugharimu kitu.

Mwanafunzi asipewe mlezi kabla hajalishika daftari. Anayesema anataka kuchunguza malaria kwa watoto apelekwe kwanza kwenye kituo cha afya, kwa ruhusa ya mkuu wa kituo, aketi na daftari la wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, lile linaloitwa MOH 204A, alisome mstari kwa mstari bila kunakili jina la mtu. Anaweza kukuta safu ya umri ambamo "8" haijulikani ni miezi au miaka mpaka asome uzito wa mtoto. Safu ya majibu ya kipimo iliyoachwa wazi huku dawa ya malaria ikiwa imeandikwa mbele yake. Kijiji kimoja kilichoandikwa kwa tahajia tatu na makarani watatu. Kisha alinganishe jumla yake na ile iliyoandikwa katika fomu ya muhtasari wa mwezi, MOH 705A, ambayo ndiyo huingizwa katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Zikitofautiana, na mara nyingi hutofautiana, tayari ana swali la utafiti lenye manufaa kwa kituo chenyewe, na mara nyingi swali hilo ni bora kuliko lile alilokuja nalo.

Mkutano wa kwanza na karatasi yake

Mlezi na mwanafunzi wakutane ana kwa ana, mahali pa wazi au ofisini mlango ukiwa haujafungwa, na wasiachane kabla ya kuandika makubaliano ya ukurasa mmoja. Yatajwe humo watakutana mara ngapi, ujumbe wa simu utajibiwa ndani ya siku ngapi (na kwamba saa nne usiku si saa ya kutuma rasimu), nani ataihifadhi data, na nini kitatokea mmoja wao akishindwa kuendelea. Wanafunzi wengi wa Kenya hulelewa wakijua kwamba mkubwa haulizwi ratiba yake, na heshima hiyo ni njema nyumbani, ila katika utafiti humwacha kijana akingoja miezi minne jibu ambalo mlezi alisahau kuwa anadaiwa. Karatasi humruhusu kukumbusha bila kuonekana mkosefu wa adabu, maana anayeikumbusha ni karatasi.

Suala la majina katika makala liamuliwe siku hiyohiyo. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inataka anayeitwa mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa data, ameshiriki kuandika au kurekebisha andiko kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu wa idara aliyetia saini barua hatimizi masharti hayo, na wala hayatimizi mfadhili aliyetoa nauli; wote wawili hushukuriwa mwishoni mwa makala. Muuguzi aliyesaidia kubuni dodoso na kusoma rasimu huyatimiza akipewa nafasi, na kumwachia shukrani tu ni kumdhulumu.

Vibali na kalenda

Ndoa nyingi za mlezi na mwanafunzi huvunjikia kwenye kalenda. Utafiti unaohusu watu au kumbukumbu zao huhitaji kwanza kibali cha kamati ya maadili, yaani jopo linalopima kama washiriki watalindwa, na chuo cha Masinde Muliro kina kamati yake. Kisha leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, inayojulikana kwa kifupi kama NACOSTI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Kisha idhini ya idara ya afya ya kaunti. Na mwishowe ruhusa ya mkuu wa hospitali au kituo. Kila ofisi husubiri barua ya ile iliyotangulia. Pamoja na hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na hivyo picha ya daftari iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa mlezi kwa WhatsApp ni kosa hata kama nia ni njema. Mratibu na ahesabu miezi, asihesabu wiki, na mwanafunzi ambaye amebakiwa na muhula mmoja tu apewe mlezi mwenye mradi uliokwisha kupata vibali, ili aongezwe kwenye kibali kilichopo kwa ombi la marekebisho.

Migomo nayo ihesabiwe. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 ulidumu siku 56, na katika kipindi kama hicho daftari la wodi hubaki jeupe; mwanafunzi ambaye swali lake linategemea wagonjwa wapya hukwama, wakati mwenzake anayetumia kumbukumbu za miaka iliyopita huendelea. Mlezi mwenye busara humtayarishia mwanafunzi njia ya pili tangu mwanzo. Katika kazi za vijijini, ziara zipangwe kwa kuwashirikisha wahudumu wa afya ya jamii, ambao wanajua siku za soko na asubuhi za mapigano ya fahali ambapo katika sehemu za Ikolomani na Shinyalu wanaume hawapatikani nyumbani.

Mlezi wa mbali

Mlezi wa ng'ambo anaweza kuleta ujuzi wa takwimu, usomaji wa majarida yanayolipiwa na barua ya utambulisho yenye nguvu. Aulizwe hata hivyo, kwa adabu na kwa maandishi, swali ni la nani, data itabaki wapi, na nani ataandika makala ya kwanza. Kauli ya Cape Town kuhusu haki na usawa katika utafiti, iliyotokana na mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti wa mwaka 2022, inalaani desturi ya watafiti wa nje kuja, kuchukua na kuondoka bila wenyeji kuwa na sehemu ya maana katika kazi, na mwanafunzi anayegeuzwa kuwa mkusanyaji wa dodoso ndiye mwathirika wa karibu zaidi wa desturi hiyo. Ishara yake ni rahisi kuiona: akiulizwa dhana ya utafiti ni ipi, hawezi kueleza. Sampuli za damu au tishu zisisafirishwe katika kazi ya mwanafunzi. Taratibu za kuzisafirisha ni nzito kuliko muda wa mwanafunzi, na mikataba ya usafirishaji huo inastahili kujadiliwa na chuo.

Kutengana

Majuma sita ya kwanza yachukuliwe kuwa ya majaribio, na mratibu awapigie simu wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kuuliza walikutana lini mara ya mwisho na walikubaliana nini. Majibu yasipolingana, aingilie kati bila kusubiri malalamiko, kwa kuwa mwanafunzi hatalalamika dhidi ya mtu atakayemtahini mwaka ujao. Kutengana kuruhusiwe bila kutafuta mkosaji na bila kuandikwa katika faili la mwanafunzi. Mlezi aliyepoteza wanafunzi watatu mfululizo apumzishwe kimya kimya, abaki akitoa mihadhara ya mbinu za utafiti, ambayo huenda ndiyo karama yake.

Swali likikosa mlezi anayelifaa, ni heri liwekwe katika daftari la mratibu kwa ajili ya mwaka ujao kuliko kulazimishwa mikononi mwa mtu asiyeliweza, na mwanafunzi apewe nafasi katika mradi wa mwenzake ajifunze kuingiza na kusafisha data. Kazi inapokamilika, nakala ya kwanza ya matokeo iende kwenye kituo kilichotoa daftari, ikiwa ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye jedwali moja, na isomwe na mwanafunzi mwenyewe katika kikao cha wafanyakazi wa kituo hicho, mlezi akiwa ameketi nyuma.